Kilimo cha Chaki Hakitoshi

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi aweza kupata alama nzuri katika somo la Kilimo ilhali nyumbani kwao hakuna hata shina moja la mchaichai. Kwa maoni yangu, kasoro hii si yake. Inatokana na kufundisha kilimo kwa chaki pekee.

Katika kijiji cha Ozi, karibu na mlango wa Mto Tana, jambo hili lina uzito wa pekee. Wapokomo wa huko ni wakulima wa mpunga na miembe. Lakini mto unapopungua, maji ya bahari hupanda na chumvi huharibu mashamba. Mtoto aonaye hasara hiyo ana haki ya kufunzwa namna ya kuchagua udongo na maji.

Mchaichai ni mwalimu mwema. Twaa shina lenye mizizi kutoka kwa jirani, punguza majani yake, kisha ulipande katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, yenye udongo usio na chumvi na samadi iliyooza. Liweke juani, ulinyweshe maji ya mvua yaliyokingwa. Kichaka kikishanenepa, kata majani ya nje kwanza, ukiacha upana wa kiganja juu ya udongo ili yachipue tena. Mrihani nao, ambao ni wa ukoo mmoja na seji isifiwayo katika mapishi ya Ulaya, huchumwa ncha kabla haujachanua. Majani ya kuhifadhi na yaanikwe kivulini, kwani jua kali hupoteza harufu.

Watakuwapo wasemao kwamba ndoo ya mchaichai haimshibishi mtu. Ni kweli, wala haitafidia mpunga ulioharibika. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetunza ndoo mbili, moja kwa maji ya mvua na nyingine kwa maji ya mto wakati wa bamvua, ataielewa chumvi kuliko aliyekariri kurasa kumi. Kesho ndiye atakayeamua apande nini, wapi, na lini.

Nawasihi walimu: masika yajayo, kila darasa liwe na ndoo zake. Wazazi watoe mashina, wanafunzi watoe jasho. Kwa jambo dogo kama hili, hatuna sababu ya kungojea wafadhili.