Mababa wa Kanisa Wanahukumiwa Bila Kusomwa

Wanaotuonya tusiwasome Mababa wa Kanisa, yaani waalimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, wamesikika vya kutosha, mimbarini na redioni. Hoja zao nimezifuatilia moja moja. Msomaji, pima mwenyewe.

Ya kwanza ndiyo nzito: Maandiko yanatosha, hivyo mfuasi wa Yesu hana haja na maneno ya wazee wa kale. Kwamba Biblia ndiyo kipimo, sina ugomvi. Lakini orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria, mmoja wa Mababa hao hao, mwaka 367. Kisha itazame meza ya vitabu nje ya ibada yao: wahubiri wa Marekani, tena walio hai, wakifundisha ndoa, fedha na maombi. Ikiwa Maandiko yanatosha hata Baba wa Kanisa kama Augustino afungiwe mlango, hawa wamepitia wapi? Kumbe kinachotakiwa ni Biblia pamoja na mwandishi wa juzi.

Ya pili, eti huo ni Ukristo wa Kizungu. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, Tunisia. Antonio, baba wa wamonaki, ni Mmisri. Tuendelee.

Ya tatu: sala iliyoandikwa, kama zile za Mababa, humzima Roho. Hofu yao ina msingi, maana midomo huweza kusali moyo ukiwa sokoni. Ila msikilize mmoja wao Jumapili tatu mfululizo akiomba “kwa uhuru”: tunavunja, tunabomoa, tunateketeza, kwa mpangilio ule ule. Hiyo nayo ni sala ya kukariri, imekosa karatasi tu. Na walokole wa uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, wametuachia wimbo wa Tukutendereza, unaoimbwa hadi leo kwa maneno yale yale. Sijasikia mtu akilalamika kwamba Roho amezimika.

Ya nne: wamonaki waliikimbia dunia, sasa mama lishe mwenye watoto na madeni atajifunza nini kwao? Waliopitiliza wapo. Simeoni wa Syria aliishi juu ya nguzo zaidi ya miaka 30, na simshauri mama lishe apande. Lakini Basili wa Kaisaria, aliyewaandikia wamonaki kanuni, ndiye aliyejenga nje ya mji wake makao ya wagonjwa na maskini. Na Didake, kijitabu cha yapata mwaka 100, kinawaagiza waumini wa kawaida wafunge Jumatano na Ijumaa, na wasali Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Sala hiyo mama lishe anaimaliza kabla maji ya ugali hayajachemka.

Ya mwisho: wazee hao hawayajui matatizo ya leo. Didake hiyo hiyo inaeleza jinsi ya kumpokea mhubiri anayezunguka. Akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani tu. Akiomba fedha, ni wa uongo vilevile. Ajabu ni kwamba wanaosema kijitabu hiki kimepitwa na wakati, namba zao za kutumiwa sadaka hazitoki kwenye skrini tangu ibada ianze hadi iishe.