Risala ya Mashabiki wa Bury kwa Msimamizi wa Kandanda wa Uingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mamlaka Huru ya Kusimamia Kandanda,
Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni, Habari na Michezo,
Waheshimiwa Wabunge,

Sisi mashabiki wa klabu ya mpira ya Bury tunaleta risala hii mbele yenu kwa heshima zote. Tunashukuru kwamba mwaka 2025 Bunge lilipitisha Sheria ya Uongozi wa Kandanda, na kwamba sasa upo mlango ambao watu wenye kilio kama chetu wanaweza kuubisha. Mwaka 2019, klabu yetu ilipoondolewa kwenye ligi, mlango huo haukuwapo. Tulibisha kila tulikoelekezwa, na kila tulipobisha tuliambiwa mwenye ufunguo ni mwingine.

Aliyepotelewa huulizwa kwanza mali yake ilikuwaje, kwa hiyo turuhusuni tueleze. Bury ni mji uliokuwa wa viwanda vya pamba, kaskazini ya Manchester, mwisho wa njia ya tramu. Klabu yake iliundwa mwaka 1885 na watu wa timu mbili za makanisa, na tangu mwaka huo huo nyumbani kwake ni uwanja wa Gigg Lane. Iliingia kwenye ligi ya taifa mwaka 1894. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili: mwaka 1900 kwa kuifunga Southampton 4-0, na mwaka 1903 kwa kuifunga Derby County 6-0. Katika mbio za kombe hilo la pili haikufungwa hata bao moja. Ushindi ule wa mabao sita ulikaa peke yake katika fainali za kombe kwa miaka 116, hadi Manchester City walipoufikia mwezi Mei 2019. Siku hiyo jina la Bury lilitajwa tena kwa fahari, huku wachezaji wetu wakidai mishahara. Miezi mitatu baadaye klabu yenyewe haikuwamo tena kwenye ligi.

Hatukuwa wageni wa shida. Mwaka 2002, mapato ya televisheni yaliyoahidiwa ligi za chini yalipokatika ghafla, klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa madeni, nasi tukachangishana hadi ikasimama tena. Kwa hiyo haya tunayoyasema hatuyasemi kwa pupa. Tumeyavumilia muda mrefu kabla ya kuyaandika.

1. Tunalalamika kwamba klabu yetu iliuzwa kama kitu kilichookotwa. Mwezi Desemba 2018 ilibadilisha mikono kwa pauni 1. Aliyeinunua alisema mwenyewe redioni, baadaye, kwamba hakuwa anajua kama Bury kuna timu ya mpira. Wasimamizi wa ligi walimwacha aingie kwanza, ndipo wakaanza kumuuliza ana fedha gani na zinatoka wapi. Wakaendelea kumuuliza hadi mwezi Agosti, na majibu ya kuwaridhisha hayakupatikana. Waheshimiwa, mtu akitaka kupanga chumba kimoja huombwa kodi ya miezi ya mbele na jina la mtu anayemfahamu. Aliyechukua klabu ya miaka 133 hakuombwa hata hayo kabla ya kukabidhiwa funguo.

Tunaomba mnunuzi yeyote achunguzwe kabla ya kukabidhiwa klabu. Aonyeshe fedha za kuiendesha, si za kuinunua tu, na mashabiki waelezwe matokeo ya uchunguzi huo kwa lugha inayoeleweka. Sheria imewapa uwezo huo. Tunaomba mwuzaji naye aulizwe, maana mwenye kuuza kwa pauni 1 anajua anachokikimbia.

2. Tunalalamika kuhusu uwanja. Gigg Lane uliwekwa rehani kwa mikopo ambayo sisi tuliokaa ndani yake kila Jumamosi hatukujua masharti yake. Hata nafasi za kuegesha magari ziliuzwa kwa wawekezaji, kipande kwa kipande. Walipokuja watu waliotaka kuiokoa klabu, walikuta madeni yamerundikana juu ya madeni hadi mwenye nia njema naye anaogopa kuyagusa. Wamo miongoni mwetu ambao majivu ya wazazi wao yamemwagwa kwenye nyasi zile. Hao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwa mkopeshaji.

Tunaomba pasiwe na uwanja wa klabu utakaouzwa, kuwekwa rehani au kugawanywa bila idhini yenu na bila mashabiki kujulishwa. Pale ambapo rehani tayari ipo, iandikwe kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma.

3. Tunalalamika kwamba waliofanya kazi yao ndio walioadhibiwa. Msimu wa 2018/19 vijana wa kocha Ryan Lowe walishika nafasi ya pili na kupanda daraja, ilhali mishahara ilikuwa inachelewa au haiji kabisa. Walifanya mazoezi bila mshahara na wakashinda bila mshahara. Mwezi Julai wadai walipigia kura mpango wa kulipana, na kwa sababu ya mpango huo klabu ilinyang'anywa pointi 12 kabla msimu mpya haujaanza. Katika mpango ule madeni ya ndani ya mpira, kama ya wachezaji na klabu nyingine, yangelipwa yote. Wengine wasio na dhamana, ikiwamo mamlaka ya kodi, wangepewa peni 25 kwa kila pauni. Mchezaji anastahili chake chote, na hilo hatulipingi. Lakini fundi na muuza vyakula wa mjini kwetu nao walitoa jasho lao kwa klabu hiyo hiyo.

Tunaomba adhabu imfuate mwenye kosa. Mmiliki anayeshindwa kulipa mishahara miezi miwili azuiwe kuendesha klabu, badala ya timu kukatwa pointi ambazo yeye hazimuumi. Tunaomba pia wafanyabiashara wadogo wa mji wapewe nafasi ya maana kwenye mipango ya kulipa madeni.

4. Hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo hili ndilo linalotuuma zaidi. Msimu mpya ulipoanza Agosti 2019, mechi zetu ziliahirishwa moja baada ya nyingine. Ligi ilitupa muda wa mwisho hadi Ijumaa wa kuonyesha fedha au mnunuzi, ukasogezwa hadi Jumanne tarehe 27, saa kumi na moja jioni. Siku chache kabla, mkurugenzi wa zamani wa klabu, mwanamke mtu mzima, alijifunga kwa pingu kwenye bomba la maji ya mvua nje ya ofisi za Gigg Lane, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kusikilizwa. Kisha ikaja habari kwamba mnunuzi amepatikana, na watu wakaombwa waje kuusafisha uwanja kwa ajili ya mechi ya Jumamosi dhidi ya Doncaster.

Jumanne hiyo walikuja mamia. Walikuja na mifagio, ndoo, matambara na brashi za rangi kutoka makwao. Walipita safu kwa safu wakifuta viti vya buluu vilivyokuwa vimeshika vumbi la kiangazi kizima, na kila aliyefika kwenye kiti chake alikitambua na kukifuta mara mbili. Wengine walikuwa wamechukua ruhusa kazini. Walifagia ngazi, wakaokota takataka, wakang'oa majani yaliyoota kwenye nyufa za zege. Alasiri, wakiwa bado wameshika mifagio, simu zikaanza kulia: mnunuzi amejitoa. Saa kumi na moja ikapita. Karibu saa tano usiku likatoka tangazo kwamba Bury imefutwa uanachama wa ligi. Miaka 125 ya uanachama ilimalizwa kwa taarifa moja, na walioisoma wengine mikono yao ilikuwa ingali inanuka sabuni.

Siku hiyo hiyo majirani zetu wa Bolton, nao wakiwa taabani, walipewa siku 14 zaidi, na kesho yake wakapata mnunuzi. Tuliwafurahia kwa moyo mweupe na tunawafurahia hadi leo. Tunachouliza ni kwa nini kati ya uhai na kifo cha klabu hapakuwa na hatua nyingine. Ligi iliendelea na timu 23, ikapunguza idadi ya timu za kushuka, ratiba ikapangwa upya. Hayo yote yaliwezekana. Kumwondoa mmiliki na kuiacha klabu hakukuwezekana.

Tunaomba klabu isifutwe tena kwa makosa ya mmiliki wake kabla hajawekwa msimamizi wa muda wa kuiendesha, kwa gharama ya ligi yenyewe au ya mfuko maalumu, hadi mwisho wa msimu. Tunaomba pia mashabiki wapewe haki ya kukata rufaa wao wenyewe. Wakati ule mwenye haki ya kutusemea alikuwa yule yule aliyetufikisha pale.

5. Tunalalamika kwa niaba ya watoto wa shule yetu ya mpira na wafanyakazi wa klabu. Wachezaji wakubwa walitafuta timu nyingine. Vijana walibaki wakiulizia wapi pa kufanyia mazoezi wiki inayofuata, na watu wa ofisini, wa tiketi na wa kutunza nyasi walibaki na madai mikononi. Kamati ya Bunge iliyochunguza jambo hili mwaka ule ule ilishauri wakuu wa mpira wawaombe radhi wafanyakazi na watu wa Bury.

Tunaomba kila klabu inayopewa leseni iweke akiba ya mishahara ya miezi mitatu mahali ambapo mmiliki hawezi kuigusa.

6. Tunalalamika kwamba tuliachwa tujirudishe wenyewe. Malango ya Gigg Lane yalifungwa, yakatundikwa jezi na skafu kama kwenye kaburi, na nyasi zikaota zilivyotaka. Baadhi yetu walianzisha timu mpya, Bury AFC, ikawa inacheza kwenye uwanja wa majirani wa Radcliffe kuanzia msimu wa 2020/21. Wengine walisema hawaendi popote bila Gigg Lane. Jambo hili liligawa nyumba, Waheshimiwa. Palikuwa na baba na mwana waliokaa pamoja miaka ishirini, ambao Jumamosi zikawa za kununiana.

Mwaka 2022 uwanja ulinunuliwa kwa fedha za mashabiki, wakiwamo walioko Marekani, na kwa pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali. Halmashauri ya mji nayo iliahidi mchango wake endapo pande mbili zingeungana. Tulipiga kura ya kuungana mara ya kwanza, kura hazikutimia. Mwaka 2023 tukapiga tena, zikatimia, na jina la Bury likarudi Gigg Lane. Msimu wa 2024/25 tukatwaa ubingwa wa ligi yetu na kupanda kutoka daraja la tisa hadi la nane. Tunaishukuru serikali kwa pauni milioni ile, na tunasema kwa adabu kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo, ikitolewa mwaka 2019 kwa wakati, ingetosha kuzuia mengi.

Tunaomba uwekwe utaratibu ulioandikwa wa klabu iliyoanguka: nani anashika jina, nembo na kumbukumbu zake, nani anashika uwanja, na timu ya mashabiki inaanzia daraja gani. Wengine wasilazimike kugombana ndugu kwa ndugu miaka minne ili kuyajua hayo.

7. La mwisho, na tunalisema tukijua kwamba sheria bado ni changa. Anguko la Bury lilitajwa mara nyingi wakati sheria hii inaandaliwa, katika ripoti ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Mheshimiwa Tracey Crouch na bungeni pia. Lakini sheria yenyewe inazilinda klabu za madaraja matano ya juu. Msimu wa 2025/26 sisi tuliuanza daraja la nane. Ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya yaliyotupata haitufikii. Na chini ya daraja la tano ndiko klabu zinakodaiwa kimya kimya, ambako hakuna kamera na ambako uwanja mmoja wa zamani una thamani kubwa kwa wajenzi wa nyumba kuliko timu inayocheza humo.

Tunaomba Mheshimiwa Waziri atumie uwezo alionao kupanua mipaka ya sheria, japo kwa mambo mawili tu: uchunguzi wa wanunuzi na ulinzi wa viwanja. Tunajua klabu ndogo haziwezi kubeba makaratasi ya klabu kubwa, kwa hiyo fomu ziwe fupi na ada isiwepo.

Tunaomba kujibiwa kwa maandishi, ombi kwa ombi, na pale ombi linapokataliwa tuelezwe sababu. Mkipenda kuja kuyaona haya kwa macho, tramu ya Bury inaondoka katikati ya Manchester mchana kutwa. Tutawapokea Gigg Lane siku ya mechi, na viti vitakuwa vimefutwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Mashabiki wa Bury