Fedha ya kufukia shimo iwekwe kabla ya shimo kuchimbwa

Katika shule nyingi za mabweni humu nchini, mzazi ampelekaye mtoto kuanza masomo hutozwa fedha kidogo za tahadhari. Mwanafunzi akivunja kioo au akipoteza kitabu, fedha hizo hulipia. Akimaliza masomo bila ya kuharibu kitu, hurudishiwa. Hakuna mwalimu mkuu mwenye akili timamu ambaye hungoja mwanafunzi aondoke ndipo amfuate kijijini kwao kumdai bei ya kioo.

Jambo tulilolielewa shuleni limetushinda kulielewa machimboni.

Siku moja nilisimama kando ya machimbo ya mawe yaliyoachwa huko Makueni. Aliyeyachimba alikwisha kwenda zake na mitambo yake. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, bila ua wala ilani, na watoto wa shule walikuwa wakiogelea humo. Nilimwuliza mzee mmoja ni nani atakayelifukia. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza ni nani atakayeifukia bahari.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye kuomba leseni ya kutafuta au kuchimba madini atoe dhamana ya fedha ya kulinda mazingira, ya kutosha kulipia urekebishaji wa ardhi. Neno muhimu hapo ni "kutosha". Je, kutosha ni kiasi gani, na ni nani anayekipiga hesabu?

Natuifanye hesabu hiyo sisi wenyewe, kwa mfano tu. Tuseme shimo lina urefu wa mita 200, upana wa mita 100 na kina cha mita 10. Kulijaza kunahitaji mita 200,000 za ujazo za udongo. Lori libebalo mita 10 litakwenda safari 20,000. Kila safari ikigharimu shilingi 3,000, tumekwisha kufika shilingi milioni 60. Bado hatujarudisha udongo wa juu wenye rutuba, hatujapanda miti, hatujapima maji ya visima kwa miaka kadhaa, wala hatujamlipa msimamizi. Tukiongeza robo kwa ajili ya hayo, tunapata milioni 75. Na iwapo mgodi utafungwa baada ya miaka 20, na bei zipande kwa asilimia 5 kila mwaka, gharama itakaribia milioni 200. Serikali iliyopokea dhamana ya milioni 5 na kuiweka kabatini itakuwa imejidanganya yenyewe.

Yako mambo mawili ambayo mkadiriaji mwaminifu hana budi kuyazingatia. Kwanza, asitumie bei ya mwenye mgodi, ambaye malori yake yako papo hapo. Mwenye mgodi akifilisika, serikali italazimika kumwajiri mkandarasi mgeni, atakayeleta mitambo yake kutoka mbali na kudai faida yake. Pili, akadirie ile siku ambayo ardhi itakuwa imechimbuliwa zaidi ya siku nyingine zote, kwa maana hakuna anayejua kampuni itaanguka lini.

Wamarekani walijifunza hayo kwa uchungu. Mwenye mgodi wa dhahabu wa Summitville, katika jimbo la Colorado, alifilisika mwaka 1992 akaacha maji yenye sumu yakitiririka mitoni. Dhamana aliyokuwa ameweka haikufika dola milioni 5. Kusafisha uchafu wake kumewagharimu walipa kodi zaidi ya dola milioni 150.

Nayasema haya kwa sababu ya Kitui. Bonde la Mui lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 500, na chini yake mna makaa ya mawe. Mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ilipewa vitalu viwili kati ya vinne, na kwa miaka mingi wenyeji wameishi bila ya kujua watahamishwa au watabaki. Makaa hayo hayajachimbwa. Basi huu ndio wakati wa kuuliza. Makaa ya mawe mara nyingi huwa na kiberiti ambacho kikikutana na hewa na maji huzaa asidi, na asidi hiyo yaweza kuendelea kutoka miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Katika nchi kavu kama Ukambani, ambako akina mama hutembea mwendo mrefu kutafuta mtungi wa maji, kisima kilichoharibika hakifukiwi kwa udongo.

Makueni nako msiba ni mchanga. Mchanga wa mito yetu ya msimu ndio tangi letu: huyaficha maji yasikaushwe na jua, na ndiyo sababu wenyeji wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha sheria yake ya kuuhifadhi mchanga, nayo yastahili pongezi. Lakini lori likishakwenda, mto hubaki mwamba mtupu. Anayechukua mchanga na aweke kwanza fedha ya kujenga vizuizi vitakavyonasa mwingine mvua ikinyesha.

Wapo watakaosema kwamba dhamana kubwa itawafukuza wawekezaji. Sikubaliani nao. Si lazima mchimbaji aweke fedha taslimu. Yaweza kuwa ahadi ya benki, na sehemu yake irudishwe kila anaporekebisha kipande cha ardhi. Kazi yenyewe yawezekana. Kule Bamburi, Rene Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo makavu ya saruji mwaka 1971, na leo ni msitu ambao wanafunzi huuzuru. Lakini huo ulikuwa moyo mwema wa watu, na taifa haliwezi kuukabidhi usalama wake kwa bahati ya kupata watu wema. Mwekezaji anayekimbia kwa kuambiwa afukie shimo lake alikuwa amekusudia kutuachia.

Naiomba Wizara ya Madini itangaze hadharani, katika kila leseni, kiasi cha dhamana na hesabu iliyokizaa, na ikikague upya kila baada ya miaka michache. Nanyi walimu wa Hesabu na Jiografia wa Kitui na Makueni, wapelekeni wanafunzi wenu kwenye shimo lililo karibu wakiwa na kamba ya kupimia. Siku kampuni itakapokuja na tarakimu zake katika baraza la wananchi, awepo kijana wa kusimama na kusema, kwa adabu, kwamba jumla hiyo si sahihi.