Kwani Msikiti Bila Kuba Si Msikiti?



Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi wetu wa Gitega na Muyinga,

Hivi karibuni tuliwapa watoto wa madrasa karatasi na kalamu za rangi, tukawaambia wachore msikiti wanaoswali. Karibu wote walichora kuba kubwa ya kijani, minara minne na mitende pembeni. Msikiti wanaoswali una paa la vigae, kuta za matofali ya kuchoma, na migomba nyuma ya mahali pa kutawadhia. Tulipomuuliza binti mmoja kwa nini hakuchora ule anaouona kila siku, alijibu bila kusita: "Mwalimu, ule wetu si wa Kiislamu sana."

Hatukumkaripia. Maneno yale hakuyatunga yeye, ameyasikia kwetu watu wazima. Ni sisi tunaotundika ukutani kalenda zenye picha za misikiti ya Ghuba, na ni sisi tunaotupa mkeka wa bibi ili tununue zulia la mashine.

Basi tuseme wazi. Fikra kwamba Uislamu una sura moja tu ya ujenzi na nakshi, nayo ni ile ya kwenye kalenda, haina msingi katika dini wala katika historia!

Tuanze na Madina. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti. Haukuwa na kuba, haukuwa na mnara. Bilal (r.a.) alikuwa akipanda juu ya nyumba ya jirani kuadhini. Sayyidna Umar (r.a.) alipoamuru ujengwe upya alitaka watu wakingwe na mvua, akaonya juu ya rangi nyekundu na njano zisije zikawafitini wenye kuswali. Kisha Sayyidna Uthman (r.a.) akajenga kwa mawe ya kuchongwa na chokaa, na paa la msaji. Msikiti ni ule ule, na ndani ya kizazi kimoja umbo lake limebadilika. Nani atathubutu kusema mmoja wao alijenga kitu kisicho cha Kiislamu?

Na Uislamu ulipotoka Arabuni, ulivaa nguo ya kila nchi. Qubbat as-Sakhra pale Quds, iliyokamilika mwaka 72 Hijria, ilifuata ufundi wa Kirumi wa nchi ya Sham. Msikiti Mkuu wa Xi'an nchini China una mapaa ya Kichina na bustani za Kichina, na ndani aya za Qur'ani zimechongwa kwenye mbao. Ule wa Demak, Java, una paa la ngazi tatu kama nyumba za kwao. Msikiti wa Djenné nchini Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, ni udongo mtupu, na watu wa mji hutoka pamoja kila mwaka kuupiga lipu upya. Hakuna aliyewaambia watu wa Djenné kwamba udongo ni aibu.

Tusiende mbali. Hapo Kizimkazi, Unguja, uko msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ukiuona kwa nje, na paa lake la bati, utadhani ni nyumba ya kawaida. Na kule Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa Kiswahili walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa nakshi za kwao wenyewe. Hao ndio ndugu wa wale waliotuletea dini hapa kupitia Ujiji. Hawakusubiri kuletewa pambo kutoka nje.

Sasa turudi nyumbani. Nendeni katika Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, mkaangalie vikapu. Angalieni agaseke: pembetatu inafuata pembetatu, mstari unapinda na kurudi, unazunguka mpaka kileleni bila kukatika. Hamna mtu humo wala mnyama. Ni hesabu na subira. Kazi ya namna hiyo ikiwa kwenye vigae vya Granada tunaiita sanaa ya Kiislamu na kuwasomesha watoto. Ikifanywa na mama wa Kirundi kilimani, tunasema ni mambo ya ushamba. Kwa hoja gani?

Mkeka nao ni hivyo hivyo. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali juu ya mkeka mdogo wa makuti, na kwa Anas (r.a.) aliswali juu ya mkeka mkuukuu uliokuwa mweusi kwa kutumika, baada ya kunyunyiziwa maji. Kirundi tunasema ikirago, na Kiswahili chenyewe kina neno kirago, lile la kufunga virago. Sunna tunayo chini ya miguu yetu na tunaiona haya!

Jambo hili si la mapambo tu. Mtoto wetu akitoka nje anaitwa umuswahili, kana kwamba ni mgeni, hata kama babu wa babu yake kazaliwa mlima huu huu. Anaambiwa dini yake ni ya watu wengine. Akirudi nyumbani anakuta sisi wenyewe tunathibitisha: kila kizuri cha dini kimetoka ng'ambo, kila cha hapa ni duni. Akifika miaka kumi na minane atachagua mojawapo, awe Mrundi au awe Mwislamu. Nani kamlazimisha kuchagua?

Wako watakaosema kuba na mnara ni alama, zinamwonesha msafiri msikiti uko wapi. Ni kweli, na hatusemi zivunjwe zilizopo. Wala hatutaki ukuta wa kibla ujae nakshi za vikapu, maana Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliivua nguo yenye michoro iliyomshughulisha ndani ya sala. Tunachopinga ni kamati (hatutaitaja) ya msikiti mmoja huko Muyinga kutaka kutoa akiba yote kwa kuba ya bati, na huku paa linavuja upande wa akina mama. Je, Umar angesema nini?

Na hapo hapo Muyinga mnayo maktaba iliyojengwa mwaka 2012, ya kwanza katika shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo yasiyochomwa, paa ni vigae vya hapa, na ndani umetandazwa wavu wa kamba za katani watoto walale wakisoma. Watu wa mbali huja kuitazama. Wazee wa kamati, kabla ya kuagiza bati, ipitieni mara moja.

Na wazazi: Jumamosi ijayo kila mtoto aje madrasa na kipande kimoja cha kazi ya mikono kutoka kwao, mkeka, kikapu au kofia ya babu iliyodariziwa. Yule binti tumemwomba achore tena.

Wabillahi tawfiq.