Chupa Isipasuliwe kwa Haraka



Tukiwa leba tunalisikia mara nyingi ombi hili: "Sista, nipasulie chupa nijifungue upesi, nimechoka." Tunakuhurumia mama, lakini si kila mara tunakubali. Leo tueleze kwa nini.

Chupa ni mfuko wa maji anamoelea mtoto. Maji humkinga asibanwe na uchungu, na mfuko huzuia vijidudu visimfikie. Ikishapasuliwa, hairudi.

Hatari tunayoiogopa zaidi ni kitovu kutangulia. Kama kichwa cha mtoto bado kiko juu, maji yanapotoka kwa nguvu huweza kukiteremsha kitovu, kisha kichwa kikakibana, na mtoto akakosa damu na hewa. Tuliwahi kumpokea mama aliyepasuliwa chupa mapema mno. Tulimwinamisha, magoti na kifua kitandani, makalio juu. Mwenzetu alikizuia kichwa kwa vidole vyake njia nzima hadi chumba cha upasuaji. Mtoto yule alilia. Si wote hulia.

Tena, chupa ikishapasuka na saa zikapita kabla ya kujifungua, vijidudu hupanda vikamdhuru mama na mtoto. Mama mwenye virusi vya Ukimwi, hasa asiyetumia dawa, huwa katika hatari zaidi ya kumwambukiza mtoto.

Haraka hiyo nayo ina faida ndogo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kupasua chupa peke yake kusitumike kama njia ya kuzuia uchungu usichelewe.

Hatusemi isipasuliwe kamwe. Zipo sababu za kweli, kama uchungu uliokwama. Lakini mkunga apime kwanza kama kichwa kimeshuka, na asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kabla na baada. Nawe mama una haki ya kuuliza kwa upole: "Sababu ni nini? Kichwa kimeshashuka?"

Chupa ikipasuka yenyewe nyumbani, nenda hospitali mara moja, hasa maji yakiwa ya kijani au yana damu. Ukiona kitovu, usikivute wala kukirudisha. Inama kama tulivyoeleza, na usafiri utafutwe upesi.

Wakati wa kungoja, tembea ukiweza, kunywa maji, kojoa mara kwa mara, na uwe na ndugu wa kukushika mkono. Uchungu una saa yake.