Maoni: Mopu isiyotoka kichwa ni hasara, raklete ya mama imeshaonyesha njia

Kwenye soko la Kadutu, mjini Bukavu, mopu zinasimamishwa mbele ya maduka, karibu na ndoo na beseni. Mpini ni wa rangi, nyuzi ni nyeupe, plastiki inang'aa. Mnunuzi anaishika, anauliza bei, anapunguziwa kidogo, anaenda nayo nyumbani. Kuna swali moja ambalo ni wachache wanaliuliza mbele ya muuzaji: kichwa hiki kikichakaa, kingine kitapatikana wapi?

Wengi wanapata jibu miezi michache baadaye. Nyuzi zimekuwa nyeusi, zinanuka, zinakatika. Mpini bado ni mzima. Lakini kichwa kimebandikwa kwa gundi ao kimepigwa msumari, hakitoki. Ama kinatoka, ila kingine cha kuingia mahali pake hakionekani dukani. Basi mopu nzima inatupwa na feza ya nyingine inatafutwa.

Hiyo si bahati mbaya. Ni kosa la namna kifaa kilivyotengenezwa. Anayelilipa ni mama wa nyumba, ni mtumishi anayepanguza nyumba ya watu, ni msafishaji wa kituo cha afya. Mji ambao maji yanabebwa kwa bidoni na feza inahesabiwa franka kwa franka hauna sababu ya kukubali kosa hilo, zaidi sana wakati mafundi wake wanaweza kulitengeneza.

Kichwa kinaisha, mpini unabaki

Mopu ina sehemu mbili ambazo hazina umri sawa. Mpini unaweza kudumu miaka. Kichwa kinasugua sima kila asubuhi, kinalowa, kinakula javeli, kinakokota mchanga. Kichwa kimeumbwa kuisha. Aliyeunganisha sehemu hizo mbili zisitengane ameamua kwamba kile cha miaka kife siku moja na kile cha miezi.

Mkulima wa Kabare ao wa Walungu angeshangaa. Mpini wa jembe lake ukivunjika, anakata mti mwingine, anauchonga, anauingiza, kisha anarudi shambani. Hakuna anayetupa chuma kwa sababu ya mti. Lakini mtu huyohuyo akija mjini kununua mopu, anauziwa kifaa ambacho sehemu moja ikichoka inazika na nyingine.

Wazo la kutenganisha kichwa na mpini si jipya. Mwaka wa 1837, Mmarekani Jacob Howe alipewa hati ya uvumbuzi kwa kishikio cha mopu. Mwaka wa 1893, Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, alipata hati namba 499,402 kwa mopu yenye kibanio na wenzo: nyuzi zinabanwa, zinaweza kutolewa na kubadilishwa, na wenzo unasaidia kuzikamua. Nchini Uhispania, kuanzia miaka ya 1950, injinia wa ndege Manuel Jalón aliuza mopu pamoja na ndoo ya kukamulia, na kazi ambayo wanawake walikuwa wanaifanya kwa magoti ikaanza kufanywa wakiwa wamesimama. Leo huko kichwa kinauzwa peke yake, mpini unabaki nyumbani.

Kwa hiyo anayetengeneza mopu isiyotoka kichwa mwaka huu hawezi kusema kwamba njia haijulikani. Imejulikana tangu zamani. Amechagua tu kuuza mara mbili kile ambacho kingeuzwa mara moja.

Raklete tayari ina jibu

Lakini hakuna haja ya kwenda mpaka Michigan. Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Uvira, kifaa cha kupanguza sakafu ni raklete na torsho. Kitambaa kinalowekwa ndani ya ndoo, kinakamuliwa, kinazungushiwa raklete, kinasukumwa. Kikichafuka kinatolewa, kinafuliwa, kinaanikwa juani. Kikipasuka, tisheti ya zamani ao kipande cha gunia kinachukua nafasi yake.

Ukiangalia vizuri, hiyo ni mopu yenye kichwa kinachotoka. Tena inaishinda ile ya dukani kwa jambo moja kubwa: haimtegemei muuzaji yeyote. Kichwa chake cha akiba kiko ndani ya kila nyumba.

Hapo ndipo mopu nyingi za kisasa zinaanguka, hata zile ambazo kichwa chake kinatoka. Kimoja kinaingia kwa kuzungusha, kingine kwa kubonyeza, kingine kwa ndimi ndogo za plastiki ambazo zikivunjika hazirudi. Kila kiwanda kina kipimo chake. Kichwa kinachotoka lakini hakina mwenzake sokoni hakina tofauti na kile kilichopigwa msumari.

Raklete nayo ina mapungufu, na ni haki kuyasema. Torsho inateleza na kukimbia kwenye kona. Kila mara mtu anainama kuizungusha upya. Inakamuliwa kwa mikono, ndani ya maji machafu, mara nyingi yenye javeli. Mama anayepanguza vyumba vitatu anainama mara nyingi sana, na mgongo wake unajua. Msichana anayepanguza nyumba ya watu kila siku anamaliza na vidole vilivyobabuka.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kifaa kinachounganisha mazuri ya pande mbili: kitambaa chochote kama kwenye raklete, na kibanio kinachoshika kweli kama kwenye mopu.

Si suala la usafi wa macho tu

Watu wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kufundishwa maana ya sakafu chafu. Mwaka wa 1994, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi katika kambi za Goma. Kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwenye milango ya makanisa, shule na maofisi, watu walizoea harufu ya klorini.

Ukweli lazima usemwe: kipindupindu kinapita kwanza kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na kwa mikono. Mopu haiwezi kuchukua nafasi ya maji safi ao ya choo. Lakini mgonjwa akitapika kwenye sakafu ya kituo cha afya, kuna mtu lazima asafishe mahali hapo, na kifaa anachoshika kinaweza kuondoa uchafu ao kuutembeza chumba kwa chumba.

Kanuni za usafi wa hospitali zinajulikana. Msafishaji anaanza upande ulio safi akienda upande uliochafuka. Kichwa cha mopu kilichotumika mahali pa hatari hakiendi chumba kingine kabla ya kufuliwa. Kikimaliza kazi kinafuliwa, kinaachwa kikauke kabisa, wala hakilali ndani ya ndoo, kwa sababu kitambaa kilicholowa usiku kucha ni nyumba ya vijidudu.

Msafishaji mwenye mopu isiyotoka kichwa anawezaje kufuata kanuni hizo? Hawezi kufua nyuzi bila kuburuta mpini mzima. Hawezi kuwa na kichwa cha wodi na kingine cha choo, isipokuwa kituo kinunue mopu mbili, tatu, nne. Mwenye kichwa kinachotoka anahitaji mpini mmoja na vitambaa kadhaa, kila kimoja na rangi ao alama yake: hiki cha wodi, hiki cha chumba cha kuzalia, hiki cha choo.

Kuna pia suala la dawa. Maji ya klorini ya kunawa mikono yana nguvu ya asilimia 0.05. Yale ya kusafishia mahali palipochafuliwa na mgonjwa yanafika asilimia 0.5, yaani mara kumi zaidi. Kukamua kitambaa cha namna hiyo kwa mikono mitupu ni kujichoma ngozi. Kifaa kilichofikiriwa vizuri kinamwezesha msafishaji kukamua bila kugusa: anakanyaga, anabana, ao anazungusha mpini. Glavu zinabaki lazima, ila haziwi kinga pekee.

Na mji nao unalipa. Takataka za plastiki zinazoshuka ziwani Kivu zinafika kwenye bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo, mpaka wakaaji wa Bukavu wanabaki gizani. Hakuna anayeweza kusema kwamba ni mopu ndizo zinazoziba Ruzizi. Lakini kila kifaa cha plastiki kinachotupwa kizima kwa sababu ya sehemu moja iliyochoka kinaongeza mzigo huo.

Fundi wa kusudea anaweza

Kifaa kinachofaa hakihitaji kiwanda. Kinahitaji chuma chembamba cha urefu wa mkono kilichosudewa kama herufi T, chuma cha pili cha kubana juu yake, bulo mbili zenye ekru za masikio zinazofungwa kwa vidole, na kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki ili kitambaa kisiteleze. Mpini ni wa mkaratusi, mti uliojaa kwenye milima ya Kivu, uliolainishwa vizuri na kukatwa ufike kati ya bega na kidevu cha anayeutumia. Chuma kinapakwa rangi ili klorini isikile haraka.

Kitambaa kinaingia kati ya vyuma viwili, ekru zinakazwa, kazi inaanza. Kikichafuka, ekru zinalegezwa, kitambaa kinaangukia ndani ya beseni ya kufulia, kingine kinawekwa. Hakuna kipimo cha kiwanda cha kutafuta. Bulo ikiharibika, fundi wa pikipiki aliye karibu anayo nyingine.

Kuna watakaosema kwamba kifaa cha namna hiyo ni kizito na hakipendezi kama cha plastiki. Ni kweli kitakuwa kizito kidogo. Lakini chuma chembamba hakizidi nguvu za mtu anayebeba bidoni ya lita 20 kutoka kwenye bomba. Wengine watasema kwamba bei ya kwanza itakuwa juu. Hata hilo linaweza kuwa kweli. Anayelinganisha bei lazima ahesabu mopu zote atakazonunua kwa miaka mitatu, si ile moja ya leo.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya muuzaji mdogo. Yeye anauza kinachomfikia, hana nguvu ya kuchagua kiwanda. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu mabadiliko hayawezi kuanzia kwenye meza yake. Yataanzia kwa mnunuzi, na zaidi kwa mnunuzi mkubwa.

Nani aanze?

Shule, hospitali, makanisa na mashirika yananunua vifaa vya usafi kwa wingi. Karatasi ya komande ikiandikwa tu «mopu 20», muuzaji ataleta zile za bei ya chini. Ikiandikwa «mipini 20, vitambaa 80 vya kubadilisha, kibanio kinachokubali kitambaa chochote, kimetengenezwa hapa», atelie ya kusudea itapata kazi na kituo kitapata kifaa cha miaka. Ni mstari mmoja wa kuongeza, hauhitaji sheria mpya wala msaada kutoka nje.

Shule za ufundi zinaweza kuwapa wanafunzi kifaa hicho kama zoezi la kusudea. Ni kidogo, kinagharimu chuma kichache, na kikimalizika kinaingia kazini darasani kwao wenyewe, mahali ambapo wanafunzi wanapanguza kila jioni wakiwa wameinama.

Wasafishaji wenyewe waulizwe kabla ya chochote kununuliwa. Mara nyingi anayechagua mopu ni mtu wa ofisi ambaye hajawahi kuishika, na anayeishika kila siku haitwi kwenye mkutano. Yeye ndiye anajua wapi kitambaa kinateleza, wapi maji yanavuja kwenye mkono, saa ngapi mgongo unaanza kuuma.

Na mnunuzi wa kawaida, pale Kadutu ao soko lingine lolote, anaweza kuanza kesho. Kabla ya kutoa feza, azungushe kichwa cha mopu aone kama kinatoka. Kikitoka, aulize kingine kinauzwa wapi na kwa bei gani. Muuzaji akikosa jibu, mnunuzi ana haki ya kurudisha mopu mahali pake na kuendelea na raklete yake. Wauzaji wakiulizwa swali hilo mara kumi kwa siku, watalipeleka kwa wale wanaowaletea mali.