Aliyekosea si aliyebonyeza

Muhula uliopita kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili alilala wiki tatu kwa kubebwa. Kwa mliopanga mtaani, kubebwa ni kulala kitanda kimoja na mwenzako, kichwa chako miguuni kwake, huku mkiomba ukaguzi usipite. Huyu dada hakupaswa kubebwa na mtu. Aliomba chumba mapema na kamati ya malazi ikampitisha. Chumba kikatoka kweli, ila kikaenda kwa mwanafunzi mwingine mwenye majina kama yake, la kwanza na la mwisho, ambaye wala hakuomba. Anakaa kwao. Tulishtuka siku alipokuja ofisini kuuliza kwa nini anadaiwa ada ya hosteli.

Kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi, mzigo wote alitupiwa Naibu Waziri wa Malazi, maana ndiye aliyejaza fomu. Eti hayuko makini. Eti anajaza huku anachati. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kimya. Mfumo ule niliujenga mimi.

Usiku ule niliufungua ukurasa wa usimamizi kwa simu, kama anavyoufungua yeye, nikajaribu kumtafuta yule dada. Kwanza ukurasa ulichukua muda kufunguka, kwa sababu kisanduku cha kumchagua mwombaji kilikuwa kinashusha majina ya wanafunzi wote waliomo kwenye hifadhidata, zaidi ya elfu nne. Kila fomu moja inayofunguliwa, majina yote yanashuka tena, na bando ni la mheshimiwa mwenyewe. Halafu nikaanza kuteremsha kwa kidole. Nikafika kwenye majina yale: mistari miwili, imefuatana, haina tofauti hata ya herufi moja. Mimi niliyeujenga mfumo nikashindwa kujua yupi ni yupi. Sasa jamani, huyo wa kuwa makini angekuwa makini na nini?

Nilitumia Django, zana ya Python ya kujengea tovuti ambayo wengi wetu tunaikimbilia kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Sababu yetu kubwa ni moja: ukieleza tu taarifa zako zilivyo, inakutengenezea ukurasa wa usimamizi karibu bure. Django ilizaliwa kwenye gazeti, huko Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Ukurasa ule ulikusudiwa watu wa chumba cha habari, waingize habari zao bila kumsubiri mtaalamu. Rekodi moja inapohitaji kuitaja nyingine, Django inakupa orodha ya kuchagua yenye kila kitu ndani. Kama unachagua kitivo kati ya vitivo nane, orodha hiyo inatosha kabisa. Kosa langu ni kuiacha vilevile pale ninapochagua binadamu mmoja kati ya elfu nne.

Na dawa ilikuwepo. Kuna raw_id_fields, inayoondoa orodha na kuweka kisanduku cha namba chenye alama ya kutafutia pembeni. Ni nyepesi, ila anayejaza akishamchagua mtu, kisandukuni inabaki namba tu. Tangu Django 2.0, iliyotoka Desemba 2017, kuna autocomplete_fields: unaandika herufi chache, seva inatafuta, inakuletea matokeo ishirini ishirini badala ya kumwaga orodha nzima. Inadai kitu kimoja, kwamba upande wa wanafunzi uwe umetaja search_fields, yaani watafutwe kwa kipi. Usipotaja, Django inakugomea na kukuambia kosa liko wapi. Nikaweka majina na namba ya usajili. Mistari miwili tu.

Lakini hapo ndipo wengi tunaposimama, tunajipongeza. Kutafuta haraka kunakuletea haraka watu wawili wenye jina lilelile. Kinachowatofautisha ni maandishi yanayoonekana kwenye kila mstari, na hayo unayaamua wewe kwenye __str__. Nilikuwa nimeandika jina peke yake. Sasa linakuja jina, namba ya usajili, kozi na mwaka. Namba ya simu sikuiweka, kwa sababu anayegawa vyumba haihitaji, na skrini ya ofisi inaonwa na kila anayepita. Nikaongeza limit_choices_to ili waliokwisha kuhitimu wasitokee kabisa. Nikaondoa pia ile alama ya kujumlisha iliyo kando ya kisanduku. Mtu akimkosa mwanafunzi kwenye orodha ndefu, njia rahisi ni kubonyeza pale na kumsajili upya. Tayari tulikuwa na watu waliosajiliwa mara mbili, na kila mmoja tulidhani ni uzembe wa mtu fulani.

Najua kuna watakaosema naibu waziri angepiga simu kuhakikisha. Sawa, angeweza. Ila mtu anayejitolea, ana mtihani kesho, ana fomu mia mbili mbele yake, huwezi kumpa mistari miwili inayofanana halafu umdai asikosee. Fomu ikihitaji mtu abahatishe, ipo siku atabahatisha vibaya, na atakayelala kwa kubebwa siye aliyeandika programu.

Ombi langu kwenu mnaojenga mifumo mwaka huu ni dogo. Kabla ya siku ya kuwasilisha, jazeni hifadhidata kwa majina mengi yanayofanana na ya chuo chetu, maana hapa akina Neema na akina Juma hawahesabiki. Mpeni simu mtu asiyesoma kompyuta, kaeni pembeni mnyamaze, mumtazame akimtafuta mmoja. Na walimu wetu mnaosahihisha miradi, ombeni kuiona fomu ile ya ndani. Kurasa za mbele tunazipamba wiki nzima kwa sababu ndizo mnazozipa alama.

Nilikwenda kumwomba radhi yule dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, mheshimiwa alisemwa bure?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Na kwenye kikao ulikuwepo?" Hilo sikulijibu vizuri siku ile. Kikao kijacho ni Alhamisi, na nimeomba niwe wa kwanza kuzungumza.